Baraka ya kumaliza matibabu: tutunge mpya au tutumie zilizopo?

Kinubi_cha_Jioni

Shalom nyote. Ninaandaa ibada fupi, dakika 20 isizidi, ya mama mmoja aliyemaliza duru ya mwisho ya tibakemikali. Picha za mwisho ni safi, ila atakuwa anarudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Watu watakuwa 12 hadi 15: Wayahudi wa madhehebu matatu, Waorthodoksi, Wamasorti na Wareform, na majirani wachache wasio Wayahudi. Tumepanga Jumamosi usiku, Sabato ikishatoka, ili tuanze na Havdala, ibada fupi ya kuaga Sabato kwa kikombe, manukato na mshumaa.

Rasimu yangu ni hii:

(a) Baraka ya kufungua: "Barukh ata Adonai, Elohenu melekh ha-olam, asher kideshanu be-mitzvotav ve-tzivanu le-sayem et ha-tipul", yaani "aliyetutakasa kwa amri zake, akatuamuru kumaliza matibabu".

(b) Ndani ya Havdala, baada ya "kati ya nuru na giza", tunaongeza "kati ya ugonjwa na afya".

(c) Zaburi 118 yote, kwa zamu.

(d) Shofari, baragumu ya pembe, mwishoni, badala ya ile kengele ya hospitali ambayo mgonjwa huipiga akimaliza matibabu.

(e) Kwa wasiojua Kiebrania, kila kitu kinarudiwa kwa Kiswahili.

Rafiki mmoja anasema (a) haifai, lakini hakunieleza sababu. Mwingine anasema nikiitamka kwa Kiswahili tatizo linaisha. Nauliza pia kama kuzama mikve, birika la utakaso, Jumapili asubuhi ni jambo jema, au ni kumchosha mgonjwa bure.

Mpanga_Siddur

Rafiki wa kwanza amesema kweli. Wa pili hapana.

"Akatuamuru" si pambo la kufungulia baraka, ni dai. Unapolitamka unasema jambo hili ni mitzva, amri ya Mungu. Talmudi yenyewe, mkusanyo wa mijadala ya warabi wa kale, iliwahi kujibana kwa swali hilo: taa za Hanuka hazimo katika Torati, nasi tunaziwasha kwa kusema "ve-tzivanu", basi kitabu chake kiitwacho Shabbat, ukurasa wa 23a, kinauliza waziwazi, alituamuru wapi? Mmoja akajibu kwa Kumbukumbu la Torati 17:11, usigeuke na kuliacha neno watakalokuambia waamuzi. Mwingine kwa 32:7, muulize baba yako. Yaani hata wahenga walipoleta jipya walitafuta mahali pa kulifungia kamba. Dripu ya mwisho haina pa kufungwa. Kulinda uhai ni amri, naam, ila hakuna baraka iliyowekwa juu yake, na daktari hasemi baraka kabla ya kuchoma sindano.

Halafu kuna Jina, yaani jina la Mungu. Katika Berakhot 40b, kitabu kingine cha Talmudi, rabi aitwaye Rav anasema baraka isiyotaja Jina si baraka, na Rabi Yohanan anaongeza: wala isiyotaja Ufalme, yaani "mfalme wa ulimwengu". Ukiviweka vyote viwili umeunda baraka kamili, na Berakhot 33a inamhesabu asemaye baraka isiyohitajika kuwa amelitaja Jina bure. Ndiyo maana warabi wengi wa baada ya Talmudi walifunga mlango: baraka mpya zisitungwe tena. Mlango ulibaki na ufa, sikatai. "Ha-noten la-ya'ef koah", ampaye nguvu aliyechoka, iliingia katika baraka za asubuhi baada ya Talmudi. Shulhan Arukh, kitabu kikuu cha sheria (Orah Hayim 46:6), inaikataa, Rema, mfafanuzi wake, palepale anasema Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya, wameizoea, na leo imo katika siddur, vitabu vya sala, tele. Lakini ile ilibebwa na jamii nzima kwa vizazi, haikuamuliwa na watu 15 jioni moja.

Kuhusu lugha: Mishna, msingi wa Talmudi, katika Sota 7:1 inaruhusu Shema (ungamo la imani), sala na baraka ya baada ya chakula kwa lugha yoyote. Na hapohapo Berakhot 40b yumo Benyamini mchungaji, ambaye alikula mkate akasema kwa Kiaramu, lugha ya mtaani kwao, maneno ya kumhimidi bwana wa mkate huu. Rav akaamua kwamba ametimiza wajibu, mradi amemtaja Mwenye rehema. Sasa kama baraka ya lugha ya mtaani ina uzito pale inapohitajika, haiwi nyepesi ghafla pale isipohitajika. Wapo wanaolegeza hapa, ila mimi nisingejengea ibada ya watu mchanganyiko juu ya ulegezaji huo.

Unachokitafuta kipo tayari, na kimekaa pale ambapo wengi hawapiti. Fungua Berakhot 54b. Rav Yehuda aliugua akapona. Rav Hana wa Baghdad na wenzake wakaingia kumwona, wakasema:

"Brikh Rahamana de-yahavakh nihalan ve-la yahavakh le-afra."
Ahimidiwe Mwenye rehema aliyekupa kwetu, wala hakukupa kwa mavumbi.

Akawajibu: mmeniondolea wajibu wa kushukuru. Talmudi inauliza, si lazima shukrani iwe mbele ya watu kumi? Walikuwapo kumi. Je, si lazima aseme mwenyewe? Aliitikia Amen.

Tazama kilichomo: baraka ya kupona, kwa lugha ya nyumbani, maneno ya marafiki wenyewe, na mgonjwa hakulazimika kusema kitu zaidi ya Amen. Shulhan Arukh (219:4) inaipokea na kuongeza "malka de-alma", mfalme wa ulimwengu. Rema anafafanua kwamba wasemao hawasemi baraka ya bure ingawa hawakuwa na wajibu, kwa sababu wanasifu kwa wema uliompata mwenzao wanayemfurahia. Weka hii mahali pa (a). Huhitaji kutunga chochote.

Angalizo moja. "Wala hakukupa kwa mavumbi" ni maneno mazito kwa mtu ambaye atapimwa tena baada ya miezi mitatu. Namna iliyomo katika Shulhan Arukh inaishia kwenye "lan", kwetu. Ukiona nusu ya pili itamchoma, ikate. Una pa kuegemea.

Nusah_na_Nidhamu

Naongezea hapo, kisha (b), (c) na (d).

Usiisahau HaGomel yenyewe, baraka ya shukrani ya aliyeokoka hatari. Imewekewa watu wanne: aliyevuka bahari, aliyevuka jangwa, aliyepona ugonjwa na aliyetoka kifungoni. Husemwa mbele ya kumi. Mazoea ni kuisema baada ya kuitwa kwenye Torati, yaani Jumatatu, Alhamisi au Sabato, ila mahali penye kumi pasipo usomaji haibatiliki. Ni vizuri isichelewe siku tatu; ikichelewa, husemwa wakati wowote. Hofu yako kwamba ugonjwa huenda ukarudi haizuii: Shulhan Arukh (219:8) haitofautishi kati ya ugonjwa unaorudi kwa vipindi na usiorudi. Aliyelala kitandani akainuka hushukuru, na akiinuka tena hushukuru tena. Kwa hiyo hakuna anayetangaza kwamba saratani imekwisha kabisa.

Mweleze mapema neno "la-hayavim". Baraka inasema "atendaye mema kwa hayavim", wenye deni au wenye hatia, na mgonjwa anayejiuliza usiku "nimekosa nini" atalisikia hilo kuliko yote mengine. Sema naye siku mbili kabla, si pale mbele ya watu. Akikataa kuisema, Brikh Rahamana ya marafiki inatosha.

Swali la nani anahesabiwa katika wale kumi mlimalize kwa simu kabla ya siku. Waorthodoksi watahesabu wanaume, Wareform wanaume kwa wanawake, na Wamasorti inategemea wanakosali. Nimeona ibada njema ikifa sebuleni watu wakihesabiana vichwa.

(b) Usiiguse Havdala. Pesachim 103b inaweka mipaka: asiyetaka kurefusha asipunguze chini ya tofauti tatu, na anayerefusha asizidishe saba. Na 104a inadai zifanane na tofauti zilizotajwa katika Torati. "Kati ya ugonjwa na afya" haimo. Kuna kosa jingine ndani yake ambalo si la sheria: Havdala huweka patakatifu upande mmoja na pa kawaida upande wa pili. Ukipanga ugonjwa na afya juu ya mistari hiyo, umemweka nje kila mgonjwa aliyemo chumbani, naye mama huyu baada ya miezi mitatu akipata majibu mabaya. Malizeni Havdala kama ilivyo, wekeni kikombe mezani, nyamazeni kidogo, ndipo muanze la kwenu. Pengo hilo dogo linafanya kazi kubwa kuliko sentensi uliyotaka kuongeza.

Mambo ya mkononi, kwa sababu hapa ndipo watu hujikwaa:

Manukato. Tibakemikali huvuruga pua na ulimi. Harufu ya karafuu iliyokuwa tamu inaweza kumtapisha. Muulize mapema. Manukato yabaki kwa watu waliokaa mbali naye, na asiyesikia harufu asiwe ndiye anayesema "bore minei vesamim", baraka ya manukato.

Kikombe. Kisipungue reviit, kipimo cha kale ambacho kwa vipimo vinavyotumika huangukia kati ya mililita 86 na 150. Juisi ya zabibu inatosha na baraka ni ileile. Si lazima anywe yeye. Mmoja akinywa sehemu kubwa ya reviit imetosha.

Mshumaa. Nyuzi mbili au zaidi ziwakazo pamoja. Kukiwa na mtungi wa oksijeni nyumbani, moto hauingii chumba hicho, hata dakika moja.

Mkiahirisha hadi Jumapili usiku, Havdala bado inafaa (mwisho ni Jumanne kabla ya jua kutua), ila bila manukato na bila moto. Kikombe na baraka ya kutofautisha tu.

(c) Zaburi 118 yote ni ndefu mno. Tena mstari wa 17, "Sitakufa bali nitaishi", unafuatwa na wa 18 unaosema Bwana ameniadhibu. Watu huchagua wa 17 kwa furaha, kisha msomaji anaendelea kwa mazoea, na chumba kizima kinasikia kwamba ugonjwa ulikuwa adhabu. Chukua mstari wa 5, penye dhiki na nafasi, uishie hapo. Ukitaka zaburi nzima, 30 inafaa na ni fupi. Ukichapa kurasa za lugha mbili, kumbuka kwamba katika zaburi nyingi zenye kichwa Kiebrania huhesabu kichwa kama mstari: 30:2 ya Biblia ya Kiswahili ni 30:3 ya Kiebrania. Wasomaji wa zamu hupotea hapo kila mara.

(d) Shofari bila baraka si kosa, Sabato ikishatoka. Lakini kengele unayotaka kuibadilisha ina kasoro ambayo shofari haiiondoi. Desturi hiyo inajulikana tangu 1996 katika kituo cha MD Anderson, Houston, na imelalamikiwa kwa sababu inasikika na wale ambao matibabu yao hayatakuwa na mwisho wa namna hiyo. Ni sauti ya ushindi. Kwa mtu mwenye miadi ya kipimo, ningeiacha.

Zamia_Taratibu

Mikve: ndiyo, lakini si Jumapili hiyo.

Ngozi iliyopigwa mionzi ingoje ipone kabisa, kwa sababu mikve nyingi hutiwa klorini. Kinga ikiwa bado chini, daktari aseme kwanza. Kifaa cha dawa kilichozikwa chini ya ngozi hakina shida mahali pakishafunga. Mrija unaotoka nje ya mkono ni habari nyingine: hauingii majini, basi mngoje utolewe. Miguu iliyokufa ganzi kwa dawa haisikii ngazi wala joto, hivyo ashike chuma kila hatua, maji yasizidi joto la mwili, na mtu awe ngazi moja chini yake. Mwenye mkono unaovimba baada ya kutolewa tezi asikae ndani ya maji ya moto hata akiyapenda.

Kisheria hii si tevila, yaani kuzama, ya wajibu, kwa hiyo baraka ya "al ha-tevila" haisemwi. Faida yake ni kwamba ule ukali wa kuondoa kila kizuizi mwilini hautakiwi: plasta ibaki, kofia ibaki akiona aibu ya kichwa kisicho na nywele. Mazoea ni kuzama mara tatu. Moja inatosha akichoka. Lakini kama ni mke anayesubiri kuzama kwa ajili ya nida, utakaso baada ya hedhi, asiunganishe mambo mawili kwa kimya. Hapo sheria zote zinarudi, na dawa zinaweza kuwa zimevuruga siku zake. Amuulize rabi wake au mwanamke mjuzi wa halakha, sheria ya Kiyahudi.

Maji: mikve halali ina sea 40, kipimo cha kale, na makadirio yake kwa lita yanatofautiana sana, kuanzia 300 na ushee hadi karibu 1,000. Bafu la nyumbani halihesabiki hata likijaa, kwa kuwa maji yake yamepitia chombo. Bahari inahesabika. Mayyim Hayyim, kule Newton, Massachusetts, tangu 2004 wamekuwa wakipokea watu kwa ajili ya mambo kama haya: mwisho wa matibabu, talaka, mimba iliyoharibika. Funzo moja kutoka kwa ibada za namna hiyo ni kwamba maandalizi kabla ya maji huwa na uzito sawa na maji yenyewe. Mpe robo saa peke yake, kurasa mbili za kusoma, na mlango usiogongwa.

Tawi_Jipya

Nawaheshimu walionitangulia, ila wameandika kana kwamba Wayahudi wote wanafungwa na mlango ule. Hawafungwi. Jumuiya za Reform na za Rekonstrukshonisti zimetunga baraka kamili kwa mambo mapya, na wengine wameibadilisha fomula yenyewe: "nevarekh et ein ha-hayim", tuihimidi chemchemi ya uhai, au "ruah ha-olam", roho ya ulimwengu, badala ya mfalme. Ushauri wa Brikh Rahamana naukubali kwa chumba hiki mahususi, kwa sababu ndani yake kila mtu ataitikia Amen bila kumeza mate. Chumba kingine, jibu lingine.

Hata anayetunga baraka mpya ana kanuni za fundi, na watungaji wa sasa huzivunja kuliko zile za sheria. Baraka fupi ina wazo moja. Baraka ndefu hufunga kwa "barukh" tena, na Pesachim 104a inataka maneno yanayotangulia kifungo yafanane nacho: ukifunga kwa uponyaji, sentensi ya mwisho kabla yake iwe ya uponyaji. Berakhot 49a inakataza kufunga kwa mambo mawili. Nenda kasome baraka za mtandaoni, Ritualwell au Open Siddur, uone ngapi zinafunga kwa "aponyaye na kuimarisha na kutuunganisha". Zina maneno mazuri, lakini mdomoni zinamwagika. Watu hawajui Amen iingie wapi.

Sasa Kiswahili, ambako nadhani tuna bahati ambayo hatuitumii. Kiebrania kinakulazimisha kuchagua "ata" ya kiume au "at" ya kike kila unapomwambia Mungu "wewe", na nusu ya ugomvi wa liturujia ya karne iliyopita umetoka hapo. Kwetu "wewe" haina jinsia, "u-" haina, "yake" haina. Kinachobaki ni "Mfalme" na "Bwana", na hapo tuna "Mwenye": Mwenye rehema, Mwenye ulimwengu. Rahamana hutafsirika "Mwenye rehema" bila kupoteza hata tone.

Tena lugha yetu inatofautisha baraka, sala na dua, tofauti ambayo ndiyo hasa Mpanga_Siddur anaieleza. Baraka ina fomula. Sala ina wakati na mpangilio. Dua ni ya moyo, na haimkatazi mtu. Ukiandika juu ya ukurasa "Dua" badala ya "Baraka", Waorthodoksi wako watapumua.

"Barukh" isiandikwe "umebarikiwa". Msomaji atauliza amebarikiwa na nani. "Umehimidiwa" ndilo neno la Zaburi za Kiswahili na linakaa vizuri.

Kinubi_cha_Jioni

Asanteni sana, nimefuta zaidi ya nusu. Mpangilio mpya: Havdala kama ilivyo, kimya, Zaburi 118:5 kwa Kiebrania na Kiswahili, HaGomel kama mwenyewe akipenda, marafiki wote pamoja "Brikh Rahamana de-yahavakh lan", naye Amen, halafu dua, kisha chakula. Mikve tumeisogeza hadi daktari aseme.

Dua niliyoandika:

"Iwe mapenzi yako, Ee Adonai Mungu wetu na Mungu wa mama zetu na baba zetu, umponye kabisa, uuondoe ugonjwa huu usirudi milele, kwa sababu amepigana kishujaa na imani yake imemshinda adui. Umehimidiwa, Adonai, aponyaye wagonjwa."

Na chakula je, kina utaratibu wowote? Pia tulitaka kumalizia kwa Mi Sheberakh.

Mpanga_Siddur

Fomula ya "Yehi ratzon", iwe mapenzi yako, umeichagua vyema. Berakhot 16b na 17a zimejaa dua za namna hiyo, kila rabi na yake aliyoisema baada ya sala, na hakuna aliyeulizwa ruhusa. Tatizo ni yaliyofuata.

"Amepigana kishujaa" itoe. Wanaokufa kwa ugonjwa huu hawakuwa waoga. "Imani imeshinda" itoe kwa sababu hiyohiyo, na kwa sababu dawa ilifanya kazi yake. "Usirudi milele" unaweza kuiomba, ila angalia Mishna Berakhot 9:3: aliaye kwa jambo ambalo limekwisha kuamuliwa, sala yake ni ya bure. Mfano wake ni mtu anayerudi safarini, akasikia kelele mjini, akaomba isiwe nyumbani kwake. Usiku wa kabla ya picha, picha iwe safi au isiwe, kilichomo mwilini kimo. Omba kile ambacho bado kiko wazi: usingizi, watu, ujasiri wa kufungua bahasha. Dua za namna hii hazichakai, na hazimgeuki mwenyewe siku ya majibu.

Kifungo chako nacho kina Jina, na "rofe holei amo Yisrael", aponyaye wagonjwa wa watu wake Israeli, ni kifungo cha baraka ya nane ya Amida, sala kuu ya kila siku. Kifunge bila Jina: "Barukh shomea tefila", ahimidiwe asikiaye sala. Baada yake weka Zaburi 19:14 (15 kwa Kiebrania), "Maneno ya kinywa changu", ambayo ndiyo mkia wa kawaida.

Ningeiandika hivi, ubadilishe upendavyo:

"Iwe mapenzi yako, Ee Mungu wetu, Mungu wa mama zetu na baba zetu, siku zake zije moja moja, na ya leo itoshe kwa leo. Waliomhudumia wapate kupumzika. Waliomshika mkono wasiuachie. Usiku wa kuamkia kipimo mpe usingizi. Na asubuhi yake, mtu wa kukaa naye kwenye benchi. Ahimidiwe asikiaye sala."

Isome kwa sauti ukitumia saa. Haizidi nusu dakika, nayo ndiyo sehemu ambayo watu watakuwa wamesimama.

Nusah_na_Nidhamu

Chakula kina utaratibu mzuri, na wa zamani. Sadaka ya shukrani, toda, katika Walawi 7:12-13 ilikuja na mikate. Mishna Menahot 7:1 inaihesabu 40: kumi iliyochachwa, thelathini isiyochachwa ya namna tatu. Ilipaswa kuliwa siku hiyo na usiku wake. Wafafanuzi wamelieleza hilo vizuri: mikate 40 kwa muda huo haimaliziki bila kualika watu, na watu wakija lazima waulize kulikoni. Kwa meza yenu: mikate ya namna nne, mmoja uliochachwa na mitatu isiyochachwa, midogo, ya kutosha watu wenu na hakuna cha kubaki. Majirani wasio Wayahudi wapewe kazi hapa, kuugawa mkate, na ule mstari wa zaburi kwa Kiswahili. Wanaweza kuitikia Amina popote. Wasipewe tu sentensi zinazosema "aliyetutakasa kwa amri zake".

Mi Sheberakh muiache. Ni ombi kwa aliye mgonjwa sasa. Ukiimba "refua shelema", uponyaji kamili, dakika tano baada ya HaGomel, umeirudisha nyuma shughuli nzima. Lakini jina lake pengine bado linasomwa kwenye orodha ya wagonjwa sinagogini. Muulize yeye kama analitaka litolewe sasa au lingoje kipimo cha kwanza. Wengine huchagua kulitoa wenyewe kwa kalamu yao, na hilo linakuwa tendo zito kuliko shofari.

Kinubi_cha_Jioni

Analitaka libaki hadi kipimo cha kwanza. Swali la mwisho: karatasi zetu zina Jina kwa herufi za Kiebrania katika zaburi na HaGomel. Zikitumika jioni moja, zinakwenda wapi?

Zamia_Taratibu

Zisitupwe na taka. Zikusanye zote kabla watu hawajaondoka, uzipeleke sinagogi zikawekwe geniza, hifadhi ya maandiko matakatifu yasiyotumika tena, na baadaye zizikwe. Kama hapana geniza karibu, chapa upya uweke ה׳ mahali pa Jina, na wasomaji watamke Adonai kwa kukumbuka. La skrini ya simu halina hukumu hiyo, likizimwa limezimika. Na hesabu nakala kabla ya kugawa, maana daima kuna moja inayobaki chini ya sahani ya mkate.